Mama anawaka moto miguuni tangu aanze insulini: je, tuiache au tuendelee nayo?

Mwanzisha mada: Mkazi wa Nyehunge

Habari za majukumu, ndugu zangu. Naomba mawazo ya wenye ujuzi wa tiba na pia ya wale wanaoishi na hali hii, kwa sababu nyumbani tumegawanyika, na anayeumia ni mgonjwa.

Mama yangu ana miaka 61 na amekuwa na kisukari cha aina ya pili kwa zaidi ya miaka kumi. Muda wote huo alitumia metformini pamoja na vidonge vingine vya kushusha sukari, lakini mwanzoni mwa mwaka huu sukari ilipanda mno, kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili au mitatu iliyopita, kikasoma asilimia 13, na daktari akamwanzishia insulini. Miezi mitatu baadaye kipimo kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 8, nasi tukafurahi. Hata hivyo, katika kipindi hicho hicho miguu yake, ambayo hapo awali ilikuwa na ganzi kidogo tu kwenye vidole, ilianza kuwaka moto. Mchana anavumilia na kuendelea na shughuli yake ya kuanika dagaa ufukweni. Usiku ndipo mambo yanapoharibika: anasema anachomwa na sindano, mara anapigwa na kitu kama shoti ya umeme, na hata khanga ikimgusa nyayo anashtuka. Sasa analala miguu ikiwa nje ya shuka, au anashuka kitandani na kuikanyagisha kwenye sakafu ya saruji ili apate ubaridi.

Mama mdogo na baadhi ya majirani wanasema kwa uhakika kwamba insulini ndiyo inayounguza mishipa, na wanamsihi aiache. Zahanati alipewa vidonge vidogo vya kumeza usiku viitwavyo amitriptilini. Binti yangu aliposoma karatasi ya ndani ya boksi alikuta imeandikwa kuwa ni dawa ya sonona, na bibi yake akakataa kuvimeza kwa kuona kwamba anafanywa mgonjwa wa akili. Badala yake anameza diklofenaki karibu kila siku, na jioni anatiwa miguu kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi.

Ninaomba kujua mambo matatu. Je, ni kweli insulini imeleta maumivu haya? Ni dawa ipi hasa inayosaidia? Na sisi tulio naye nyumbani tufanye nini?

Jibu: Tabibu wa Nyamagana

Pole sana kwa kuuguza, na umfikishie Mama shikamoo yangu. Nianze na lililo zito kuliko yote: insulini isiachwe. Mtu ambaye HbA1c yake ilikuwa asilimia 13 akiikatisha ghafla, sukari inaweza kupanda ndani ya siku chache kufikia kiwango cha kumpotezea fahamu. Nimewapokea wagonjwa wa namna hiyo usiku, wakiwa wamebebwa na ndugu waliokuwa na nia njema kabisa.

Pamoja na hayo, ningependa Mama mdogo asipuuzwe, kwa kuwa alichokiona ni kitu halisi. Sukari iliyokuwa juu kwa muda mrefu ikishushwa kwa kasi kubwa, baadhi ya wagonjwa hupata maumivu makali ya mishipa ya fahamu katika wiki chache zinazofuata. Hali hii imeandikwa na madaktari tangu mwaka 1933, na hapo zamani iliitwa kwa jina la insulini, ingawa leo tunafahamu kwamba inaweza kutokea hata kwa mtu aliyeshusha sukari kwa vidonge au kwa kubadilisha chakula. Kinachohusika ni kasi ya mteremko. Hatari huongezeka pale HbA1c inaposhuka kwa zaidi ya pointi mbili ndani ya miezi mitatu, na Mama ameshuka pointi tano. Habari njema ni kwamba maumivu ya aina hii kwa kawaida hupungua yenyewe kadiri miezi inavyokwenda, mradi sukari ibaki imetulia na isiwe inapanda na kushuka ovyo. Daktari wake anaweza kuamua kwamba kutoka asilimia 8 kwenda 7 kufanyike polepole zaidi, na huo ndio mjadala wa kwenda nao kliniki. Jambo jingine ambalo watu wengi hawaambiwi ni kwamba mteremko wa haraka unaweza pia kuzidisha madhara ya kisukari ndani ya jicho, kwa hiyo Mama apimwe macho bila kuchelewa, hata kama anaona vizuri.

Ama kuhusu chanzo cha msingi, sukari inapokaa juu kwa miaka huharibu nyuzi za mishipa ya fahamu zenyewe pamoja na mishipa midogo ya damu inayozilisha. Nyuzi ndefu kuliko zote mwilini ni zile zinazofika kwenye vidole vya miguu, na ndizo zinazoathirika kwanza. Ndiyo maana dalili huanzia vidoleni na kupanda miguu yote miwili kwa usawa, eneo lile lile linalofunikwa na soksi. Uzi uliojeruhiwa hutuma taarifa za moto na sindano hata pasipo na kitu chochote kinachochoma, na wakati huo huo hushindwa kutuma taarifa za jeraha la kweli. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na mambo yote mawili katika mguu mmoja: unawaka usiku, lakini ukikanyaga msumari hausikii.

Naomba pia msikubali kwamba kila mguu unaowaka unatokana na kisukari peke yake. Kwa Mama ningeuliza kwanza habari ya vitamini B12, kwa sababu metformini ikitumiwa kwa miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wa vitamini hiyo, na upungufu wake huleta ganzi na kuungua kunakofanana kabisa na kwa kisukari. Upungufu huo unatibika. Ningeuliza kama aliwahi kutibiwa kifua kikuu, kwa kuwa isoniazidi inaweza kudhuru mishipa ya fahamu; kama amepima Virusi vya Ukimwi; kama anakunywa pombe, hasa gongo; na ningepima figo. Huku kwetu Kanda ya Ziwa ukoma nao bado unapaswa kukumbukwa pale panapokuwa na baka la ngozi lisilohisi. Na endapo maumivu yangekuwa ya mguu mmoja tu, au yangeambatana na udhaifu wa kunyanyua mguu au kushindwa kuzuia mkojo, ningetafuta tatizo kwenye uti wa mgongo.

Kuna tahadhari moja ya vipimo. Vinasaba vya selimundu ni vingi katika ukanda huu wa ziwa, navyo, pamoja na upungufu wa damu na malaria ya mara kwa mara, vinaweza kuifanya HbA1c isome chini au juu kuliko hali halisi. Kwa hiyo daftari la vipimo vya kidoleni anavyopima Mama nyumbani liende naye kliniki kila mara.

Jibu: Mfamasia wa Igoma

Tabibu ameeleza chanzo. Mimi nizungumzie dawa, kwa sababu suala la karatasi ya boksi linanigusa sana. Hulisikia dirishani mara kwa mara, na limewanyima usingizi wagonjwa ambao wangeweza kusaidiwa.

Ni kweli kwamba amitriptilini ilianza kama dawa ya sonona, na karatasi bado inaeleza hivyo. Baadaye ilibainika kwamba, kwa dozi ndogo kuliko ile ya sonona, hupunguza kelele za maumivu katika mishipa ya fahamu na uti wa mgongo, hata kwa mtu ambaye hana huzuni yoyote. Aliyempa Mama dawa hiyo hakumwona mgonjwa wa akili. Alimpa mojawapo ya dawa za kwanza zinazopendekezwa duniani kwa maumivu ya aina yake, na yenye bei ambayo familia nyingi zinaweza kuimudu. Ningemwomba mjukuu amweleze bibi yake maneno haya kwa Kisukuma au kwa lugha yoyote anayojisikia nayo huru, kwa kuwa mara nyingi mgonjwa hukataa jina la dawa kabla hajaikataa dawa yenyewe.

Namna ya kuitumia ina umuhimu. Kwa umri wake huanza na miligramu 10 usiku, saa moja au mbili kabla ya kulala, kisha daktari huongeza taratibu kila baada ya wiki moja au mbili kulingana na nafuu na madhara. Kwa maumivu ni nadra kuvuka miligramu 75. Mdomo utakauka, choo kinaweza kuwa kigumu, na asubuhi za mwanzo anaweza kuamka na uzito wa kichwa. Akiamka usiku asisimame ghafla, kwa sababu dawa hii inaweza kushusha shinikizo la damu na kumwangusha. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo unaovuruga mapigo, presha ya macho, au tatizo la kukojoa kwa sababu ya tezi dume hapaswi kuanzishiwa kabla daktari hajajua historia hiyo. Lililo muhimu kuliko yote ni subira: usingizi unaweza kuboreka mapema, lakini kupungua kwa moto wenyewe huhitaji wiki kadhaa, na wengi huitupa dawa siku ya nne wakidhani imeshindwa.

Ikishindikana, zipo gabapentini na pregabalini, ambazo nazo asili yake ni dawa za kifafa, na pia duloksetini, ambayo si kila duka la dawa la hapa Mwanza linakuwa nayo. Gabapentini na pregabalini hutolewa nje na figo, hivyo dozi yake lazima ipunguzwe kwa mtu ambaye figo zimechoka. Pia zinaweza kuleta kizunguzungu, usingizi na uvimbe wa miguu. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliowahusisha wagonjwa 130 wenye maumivu ya miguu ya kisukari, ukalinganisha kuanza na amitriptilini, kuanza na duloksetini na kuanza na pregabalini, na kuongeza dawa ya pili pale ya kwanza isipotosha. Njia zote tatu zilikaribiana: maumivu yalishuka kwa wastani kutoka zaidi kidogo ya 6 hadi zaidi kidogo ya 3 katika kipimo cha 0 hadi 10. Nautaja kwa sababu mbili. Kwanza, dawa ya bei nafuu haikuwa duni. Pili, hata katika utafiti uliosimamiwa vizuri maumivu yalipungua kwa karibu nusu, hayakwisha. Mgonjwa anayeahidiwa kwamba yatakwisha kabisa atazunguka duka hadi duka akitafuta dawa ambayo haipo.

Diklofenaki naomba ikome leo. Haigusi maumivu ya mishipa ya fahamu, na kwa mtu mwenye kisukari matumizi ya kila siku yanadhuru figo, yanapandisha presha na yanaweza kutoboa tumbo. Parasetamoli ni salama zaidi lakini msaada wake hapa ni mdogo. Tramadoli nayo iachwe mikononi mwa daktari, kwani mwili huizoea na kuidai.

Kuhusu vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B ambavyo karibu kila mwenye ganzi huuziwa: vinasaidia pale palipo na upungufu, na kwa B12 daktari anaweza kuamua sindano au vidonge vya dozi kubwa. Lakini visimezwe kwa miaka bila usimamizi, kwa sababu B6 ikizidi mwilini kwa muda mrefu huleta yenyewe ganzi na kuungua kwa miguu. Ipo pia krimu iliyotengenezwa kwa kiini cha pilipili, ambayo hupakwa mara kadhaa kwa siku kwa wiki nyingi na huwasaidia baadhi ya watu, mradi ngozi haina jeraha. Naongeza haraka kwamba kusugua pilipili mbichi miguuni ni jambo jingine kabisa. Ngozi isiyohisi itaungua na kutoka malengelenge pasipo mwenyewe kujua. Mafuta ya taa vivyo hivyo.

Jibu: Mama wa Mwaloni

Mwanangu, mimi ni mfanyabiashara wa samaki hapa Kirumba, na miguu ya namna hiyo naijua kwa sababu ni yangu. Mpe Mama pole, na umwambie kwamba usiku ule usioisha si yeye peke yake aliyeupitia. Maumivu yasiyoonekana humfanya mtu aonekane mdekaji mbele ya watu wake, na hilo linauma kwa namna yake.

Amitriptilini ninaitumia. Mwanzoni nililalamika kwa ukavu wa mdomo na uzito wa asubuhi, na muuguzi wangu akanishauri niimeze mapema zaidi jioni; uzito ukapungua. Sasa moto upo, lakini ninalala, na mtu aliyelala anaweza kuyabeba mengi. Vilevile nilitengeneza kitu cha kuinua shuka: ndoo mbili zimewekwa miguuni pa kitanda na fimbo imelazwa juu yake, shuka inapita juu bila kunigusa nyayo. Kutembea jioni kwa mwendo wa kadiri, nikiwa nimevaa viatu, nako kunanisaidia kuliko kukaa nikiupapasa mguu.

Hofu yangu kubwa kuhusu Mama ni ule ufukwe. Anayeanika dagaa hutembea peku juu ya mchanga na mawe ambayo saa saba mchana yanababua. Mwenye miguu yenye ganzi hasikii kwamba anaungua. Huona malengelenge jioni, au huona shuka limelowa asubuhi. Tafadhali mnunulieni viatu vilivyofunikwa mbele, vyenye soli ngumu na nafasi ya kutosha vidoleni, mvinunue mchana wakati miguu imeshavimba kidogo, na azoee kuvikung'uta kabla ya kuvaa, kwa kuwa mwiba wa samaki au kipande cha changarawe kinaweza kushinda humo kutwa nzima. Kandambili za kamba katikati ya vidole huchubua mahali pabaya, ingawa najua ndizo zinazovaliwa na kila mtu. Mimi mwenyewe kazini navaa mabuti ya mpira kwa ajili ya maji ya samaki, lakini nayavua kila nipatapo nafasi na kukausha katikati ya vidole, maana unyevu huleta fangasi, ngozi inapasuka, na mlango unakuwa umefunguka.

Mengine tuliyofundishwa kliniki ambayo huku kwetu yana uzito wa pekee: funza watolewe na muuguzi kwa kifaa safi, si kwa pini ya nguo, ukipanda bodaboda, mguu uwe mbali na bomba la moshi, ukiota moto wa mkaa wakati wa baridi ya masika, miguu iwe mbali na jiko. Na panya. Najua jambo hili watu hawapendi kulitaja, lakini panya humng'ata mwenye ganzi usingizini naye asiamke, na madaktari wa Dar es Salaam wameandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumizwa hivyo. Chandarua kikichomekwa vizuri chini ya godoro kinamlinda na mbu na panya kwa pamoja.

Maji ya moto yenye chumvi yaachwe. Maji ya kuoshea yawe ya uvuguvugu, na anayeyapima awe mwingine, kwa kiwiko, siyo Mama kwa mguu wake. Asiloweke, aoshe tu, akaushe, kisha apake mafuta ya kawaida juu na chini ya mguu lakini si katikati ya vidole. Kila jioni mtu mwenye macho mazuri aangalie nyayo zake kwenye mwanga. Kwangu ni mjukuu wa darasa la tano, na anaifanya kazi hiyo kwa bidii kuliko mtu mzima.

Kuhusu chakula nitasema machache kwa kuwa kila mtu ameshahubiriwa. Ugali wa udaga, yaani wa muhogo uliovundikwa, na michembe na matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa ni vitamu na ni urithi wetu, lakini vyote vinapandisha sukari. Mimi sijaviacha, nimepunguza kipimo, na sahani yangu sasa imejaa mboga pamoja na sato au dagaa. Dagaa hao hao wana B12 aliyoitaja Tabibu, ingawa kama metformini imeshazuia ufyonzwaji, chakula peke yake kinaweza kisitoshe.

Mwanzisha mada: Mkazi wa Nyehunge

Ninawashukuru kwa dhati. Jana jioni nilimsomea Mama majibu yenu mbele ya Mama mdogo, na wote wawili wamekubali kwamba insulini iendelee. Mama mdogo alifarijika kusikia kwamba alichokiona kilikuwa kweli, na nadhani hilo ndilo lililomlainisha. Kuhusu vidonge vya usiku Mama amesema atajaribu.

Lakini tulipomwangalia nyayo kama Mama wa Mwaloni alivyoshauri, tulikuta chini ya kidole kidogo cha mguu wa kulia ngozi ngumu iliyokuwa nyeusi katikati, na tulipoibonyeza kidogo yalitoka majimaji. Mama anasema hapo hapaumi kabisa, na hakujua kama pana kitu. Kaka yangu anataka kuikata ngozi hiyo kwa wembe na kumwaga unga wa kapsuli ndani ili pakauke. Kliniki yake ni wiki mbili zijazo. Je, tusubiri?

Jibu: Tabibu wa Nyamagana

Msisubiri kliniki. Mpelekeni leo, na kama mmechelewa, kesho asubuhi, kwenye hospitali ya wilaya au moja kwa moja hospitali kubwa za Mwanza, Sekou Toure au Bugando, kama mna uwezo wa kufika. Ngozi ngumu yenye weusi na majimaji mara nyingi hufunika kidonda kilicho kirefu kuliko kinavyoonekana, na kutokuuma kwake ndiko kunakonipa wasiwasi, kwani mtu mwenye mishipa mizima asingeweza kukikanyagia hata hatua moja.

Kaka asikate chochote. Ngozi hiyo inapaswa kuondolewa na mhudumu aliyefunzwa, kwa vifaa safi, kisha kidonda kipimwe kina na kuangaliwa kama kimefika mfupani, pengine kwa picha ya eksirei. Unga wa kapsuli hautibu maambukizi yaliyo chini. Huganda juu ya kidonda na kukifunika, na anayekuja kukisafisha huanza kwa kuubandua. Asali, majivu, majani yaliyotwangwa na dawa ya meno navyo visiwekwe. Kwa sasa osheni kwa maji safi ya bomba yaliyochemshwa na kupoa, funikeni kwa kitambaa kikavu kilicho safi, na Mama asiukanyagie mguu huo, ikiwa ni pamoja na safari ya kwenda msalani. Kidonda cha unyayo kinachokanyagwa hakiponi, hata kikipewa dawa kali za namna gani, na hapo ndipo watu hufikia donda ndugu na kukatwa mguu ambao ungeweza kuokolewa.

Mkiona wekundu unaopanda, uvimbe, harufu, homa, au sukari inayopanda bila sababu, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Na mguu ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake hata pasipo kidonda, msiukandekande. Mifupa ya unyayo inaweza kuwa inavunjika kimyakimya, nayo pia huhitaji kuzuiwa kukanyaga mara moja. Mwombeni daktari ampime mapigo ya damu miguuni na hisia za nyayo kwa ule uzi wa plastiki wa gramu 10. Kipimo hicho ni cha dakika chache, na kila mwenye kisukari anastahili kufanyiwa angalau mara moja kwa mwaka.

Mwanzisha mada: Mkazi wa Nyehunge

Tumerudi. Amelazwa na kuruhusiwa. Kidonda kilisafishwa, hakikuwa kimefika mfupani, amepewa antibiotiki na amefungwa kiatu maalumu kinachoinua sehemu ya mbele ya mguu, na kila baada ya siku mbili anabadilishiwa bandeji. Kipimo cha kreatinini kinaonyesha figo zimeathirika kidogo, na daktari aliposikia habari ya diklofenaki alisema maneno yale yale ya Mfamasia. Insulini imepunguzwa kidogo ili sukari isishuke kwa kasi. Kipimo cha B12 hakikupatikana, hivyo ameanzishiwa sindano. Mapigo ya moyo yamepimwa na hayana tatizo, kwa hiyo amitriptilini ya miligramu 10 inaendelea. Usiku mbili zilizopita amelala hadi alfajiri, ila anasema moto bado ni ule ule. Swali langu la mwisho: kwa kuwa dozi ni ndogo, tunaweza kumwongezea hadi vidonge viwili sisi wenyewe, au tusubiri tarehe ya kurudi?

Jibu: Mfamasia wa Igoma

Msiongeze wenyewe wakati huu, kwa sababu anatembea na kiatu ambacho hajakizoea na dozi ikipanda anaweza kuanguka usiku. Anakwenda kubadilishiwa bandeji kila baada ya siku mbili. Tumieni safari hizo kumwomba daktari au muuguzi ampime presha akiwa amelala na akiwa amesimama, kisha yeye ndiye aseme kama apande hadi miligramu 20 wiki ijayo. Muwe pia mkiandika kila asubuhi namba ya maumivu ya usiku uliopita kati ya 0 na 10, pamoja na saa alizolala, kwenye daftari lile lile la sukari. Ikiwa baada ya wiki sita au nane za dozi ya kutosha namba hiyo haijasogea, daktari atakuwa na ushahidi wa kubadilisha dawa au kuongeza gabapentini kwa kiasi kinacholingana na figo zake.

Na vidonge vya diklofenaki vilivyobaki nyumbani virudisheni dukani au zahanati vikaharibiwe, visikae kabatini.